Asilimia Moja ya Ndovu, Sufuri ya Ng'ombe

Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa Isiolo imebeba shilingi 25 ambazo si bei ya mafuta. Si faida ya mwenye kituo, wala si nauli ya lori lililoyaleta. Ni tozo ya matengenezo ya barabara. Ukitia lita mbili kwenye boda asubuhi, umelipa shilingi 50 za barabara kabla hujabeba abiria wa kwanza. Ukinunua kwa chupa ya soda kule Merti au Sericho, ambako kituo cha mafuta hakiko karibu, umelipa hizo hizo, na juu yake faida ya mwenye chupa.

Wazo lenyewe ni zuri na sina ugomvi nalo. Anayetumia barabara alipie barabara, na anayeitumia sana alipe zaidi. Ugomvi wangu unaanza baada ya pesa kutoka mfukoni. Mwenye boda wa Isiolo anaichoma hiyo petroli wapi? Kidogo kwenye lami ya mjini. Nyingine yote anaichoma kwenye njia ambazo haziko kwenye daftari la barabara za nchi hii: njia za mchanga zinazoshuka Waso, njia za kuelekea visimani, njia ambazo ng'ombe walizichora kabla hatujajua kuna kitu kinaitwa wizara. Njia hizo hazina jina kwenye karatasi, hazina herufi, hazina nambari. Kwa hivyo hazina hata senti.

Ninachosema ni hiki: serikali ya Kenya inachukua pesa za barabara kwa lita, halafu inazirudisha kwa daftari. Isiolo iko kwenye lita, haiko kwenye daftari. Na tusipolazimisha njia za mifugo ziingie kwenye sheria ya barabara, zikiwa na fungu lao na wasimamizi wao, zitafungwa moja baada ya nyingine. Ikifungwa ya mwisho, hakutakuwa na ufugaji wa kuzungumzia.

Tuanze na sheria, maana watu wengi wanadhani mambo haya yanaamuliwa na hasira ya mbunge. Tozo hii ina sheria yake ya mwaka 1993. Mwaka 1999 ikaundwa Bodi ya Barabara ya Kenya ili kushika hizo pesa na kuzigawa. Mwaka 2007 yakaja mashirika matatu tunayoyaona kwenye mabango: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za miji, na KeRRA ya barabara za mashambani. Kila moja lina mgao wake katika mfuko. KeNHA inachukua asilimia 40. KeRRA inapata 32, na ndani ya hizo, 22 ni za maeneo bunge yote kwa usawa na 10 ni za viungo muhimu vya barabara. KURA inapata 15. Bodi yenyewe inakula 2 kwa shughuli zake. Asilimia 10 nyingine zinapangiwa kazi kadiri ya mahitaji. Jumlisha: 99.

Ile moja iliyobaki iko wapi? Iko kwa Huduma ya Wanyamapori, KWS, kwa ajili ya barabara za ndani ya mbuga na hifadhi.

Rudia kusoma hapo, maana mimi nilirudia mara tatu. Bunge la Kenya liliketi likakubali kwamba kuna barabara ambazo si za kwenda sokoni, si za kwenda hospitali, hazina matatu wala lori la mchele, ni vumbi tupu linalopinda kufuata wanyama. Na likasema: hizi nazo ni barabara, zitengewe shilingi moja katika kila mia. Walifikiria vizuri. Utalii unaleta pesa, na mtalii akikwama kwenye matope hatarudi. Lakini ng'ombe anayetoka Sericho kutafuta maji, na mbuzi anayetembea kutoka Cherab hadi soko la Isiolo ili afike Kiamaiko kuchinjwa na kuliwa na Nairobi nzima, njia yake haiko kwenye sheria hiyo. Ndovu ana asilimia moja. Ng'ombe ana sufuri.

Sasa tuangalie ile asilimia 22 ambayo waheshimiwa wanapenda kuitaja kwenye mikutano. Inagawanywa kwa usawa kwa maeneo bunge 290. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, sikusomea uhandisi wala sheria, lakini kugawanya 22 kwa 290 hakuhitaji digrii. Katika kila shilingi mia ya mfuko, eneo bunge moja linapata senti saba na nusu hivi. Kaunti ya Isiolo ina maeneo bunge mawili tu, Isiolo Kaskazini na Isiolo Kusini. Jumla ni senti 15. Senti 15 katika shilingi mia, kwa kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Nairobi ina kilomita za mraba 696 na maeneo bunge 17, kwa hivyo kwa fungu hilo hilo inahesabiwa shilingi moja na senti 29.

Najua jibu linalokuja. Ati Nairobi ina watu wengi. Isiolo, kwa sensa ya 2019, ina watu 268,002. Sawa. Lakini huu si mfuko wa unga wala wa dawa. Ni mfuko wa kutengeneza barabara, na barabara inapimwa kwa urefu na kwa uharibifu, haipimwi kwa vichwa. Hata kwa vichwa hesabu hiyo haisimami, maana maeneo bunge hayana idadi sawa ya watu. Usawa wa aina hii ni kama kumpa kila mtu blanketi moja, mwenye chumba na mwenye kulala nje, halafu useme umetenda haki. Eneo bunge la Mathare unaweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja na ukarudi kunywa chai. Isiolo Kusini, kutoka Kinna hadi mwisho wa Sericho, jaribu kwa miguu utuambie.

Tuwe wakweli pia. Isiolo imepata lami, na lami imebadilisha maisha. Kwa miaka mingi lami iliishia hapa mjini. Ukitoka kwenda Archers Post, unaingia kwenye mawe, na msafiri wa kuelekea kusini alisema anaenda Kenya, kana kwamba aliko si Kenya. Leo unapanda basi Isiolo unashuka Moyale, kilomita 500 na kitu, bila kula vumbi. Barabara ya kwenda Wajir hadi Mandera nayo imepata fedha za Benki ya Dunia tangu 2020. Lami inaokoa wagonjwa na kupunguza bei ya bidhaa, na yeyote anayesema haina faida hajawahi kulala njiani na mgonjwa.

Lakini tazama lami imepangwa kwa ajili ya nani. Lori linatoka Moyale kwenda Nairobi. Mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mnamo Machi 2012, ulichora ushoroba wenye upana wa mita 500 kutoka baharini kuja Isiolo na kuendelea mbele. Yote hiyo ni mistari ya kupita Isiolo. Maisha ya Isiolo yenyewe yanakata mistari hiyo kwa upande. Ng'ombe hawaendi Lamu. Wanatoka malisho ya mvua kwenda malisho ya kiangazi, wanashuka mtoni, wanarudi. Kila barabara kuu inayojengwa hapa inakatiza njia kadhaa za mifugo, na kwa kuwa njia hizo haziko kwenye daftari, mkandarasi hana wajibu wa kuuliza mifugo itavukia wapi. Mchungaji anavusha wanyama mbele ya trela linaloteremka kwa kasi. Akigongewa ng'ombe, kosa ni lake. Yeye ndiye "aliyeingia barabarani", ingawa barabara ndiyo iliyoingia kwenye njia yake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishi huku, nieleze njia ya mifugo ni kitu gani, maana wengine wanadhani ng'ombe anazurura tu. Kwa Waborana wa Waso kuna dedha, eneo la malisho lenye mipaka inayojulikana na wazee wanaolisimamia. Wazee hao ndio wanaosema ukanda huu ni wa wakati wa mvua, ule ni wa kiangazi, na ule kule mbali usiguswe hadi ukame ukaze. Kisima nacho kina msimamizi wake na zamu zake. Mtoni kuna malka, mahali mifugo inaposhukia kunywa na kuvuka, na si kila ukingo ni malka. Kati ya hivi vyote kuna njia. Njia inajua maji yako wapi na yana umbali gani, na mnyama aliyechoka atafika au hatafika. Wasamburu, Waturkana na Wasomali wa hapa wana taratibu zao, na mara nyingi njia ni zile zile, ndiyo sababu zinahitaji makubaliano. Ukiitazama vizuri, hii ni miundombinu. Ina vituo, ina ratiba, ina kanuni za nani apite lini. Kilichokosekana ni bango la serikali tu.

Na serikali ilijua zamani. Mkoloni aliifanya Isiolo lango. Huku juu kulikuwa wilaya iliyofungwa, mtu hapiti bila kibali, na mifugo ikizuiwa hapa kwa karantini isije ikachanganyika na ng'ombe wa mashamba ya walowezi. Mtaa wa LMD, ambao leo tunautaja kila siku tukiita boda, umechukua jina la idara ya soko la mifugo iliyokuwa na uwanja wake wa kushikilia wanyama hapa. Kwa hivyo kuna wakati dola ilizijua njia hizi vizuri sana, ilipotaka kuhesabu, kuzuia na kutoza.

Baada ya uhuru, Waraka wa Serikali nambari 10 wa mwaka 1965 ukasema wazi kwamba pesa za maendeleo ziende kule kwenye rutuba na mvua ya kutosha, kwenye reli na barabara tayari, ili faida yake isaidie wengine baadaye. Sisi ndio hao wengine. Na wakati waraka huo unaandikwa, vita vya Shifta vilikuwa vikiendelea huku. Watu wa Waso walikusanywa kwenye kambi, Garbatulla, Merti, Modogashe, na mifugo ikafia karibu na kambi kwa kukosa malisho au kwa risasi. Wazee wanauita wakati ule Gaafa Daaba, wakati wa kusimamishwa. Waliutaja kwa kile kilichoua: kusimama. Hatuhitaji mtaalamu kutoka nje kutueleza kinachotokea njia zikifungwa. Tuna jina lake.

Tumelikumbuka tena juzi. Mvua ilikataa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na mifugo zaidi ya milioni mbili na nusu ilikufa nchini. Ukame hauletwi na Bodi ya Barabara, nakubali. Lakini kinga ya kwanza ya mfugaji dhidi ya ukame ni kuhama mapema, na kuhama kunahitaji njia iliyo wazi. Leo njia hiyo inakutana na seng'enge ya shamba, na ploti zilizogawanywa usiku, na hifadhi iliyopangiwa matumizi mengine, na mpaka wa Isiolo na Meru ambao umegombaniwa miaka na miaka. Njia ikizibwa, ng'ombe hawasimami wakasubiri kesi iamuliwe. Wanapita kwenye shamba la mtu. Mwenye shamba naye ana haki ya kukasirika. Usiku mtu mmoja anakuja na bunduki, na asubuhi redio inasema "mgogoro wa wafugaji na wakulima" kana kwamba watu wameamka tu wakachukiana. Polisi wanatumwa, magari yao yanachoma dizeli, dizeli hiyo ina shilingi 25 za barabara kwa lita, na hakuna hata moja itakayorudi kuweka alama kwenye njia ambayo ingezuia hiyo safari.

Mtu atasema: wewe unaota, hakuna nchi duniani inayotumia kodi ya mafuta kutunza njia za porini. Basi twende Marekani, jimbo la Wisconsin.

Kule kuna baridi kali, na watu wana pikipiki za theluji, mashine zenye mkanda chini na ski mbele. Wanazipanda kwa starehe zaidi kuliko kwa kazi. Jimbo lina mtandao mkubwa wa njia za mashine hizo, na utaratibu wake ungemshangaza mtu wa KeRRA. Kila mashine inasajiliwa na kulipiwa, na mwenye nayo ananunua pasi ya njia. Halafu jimbo linafanya hesabu hii: linachukua idadi ya mashine zilizosajiliwa, linakadiria kila moja inachoma galoni 50 za mafuta kwa mwaka, linazidisha kwa kodi ya mafuta, na kiasi hicho kinapelekwa kwenye mfuko wa njia za theluji. Hoja yao ni kwamba mafuta haya hayakuchomwa kwenye lami, kwa hivyo kodi yake isiende kwenye lami. Idara ya maliasili inasimamia mfuko, kaunti zinaomba fedha, na vilabu vya wenyeji ndivyo vinavyofanya kazi yenyewe ya kuweka alama, kusawazisha na kujenga madaraja madogo. Malipo yanafuata urefu wa njia. Sehemu kubwa ya njia hizo inapita kwenye ardhi ya watu binafsi kwa ruhusa ya wenye ardhi, na hazifunguliwi mpaka msimu uwadie.

Fikiria hilo la msimu. Theluji ikiyeyuka, njia inatoweka na shamba linarudi kuwa shamba. Miezi mingi ya mwaka huwezi hata kuiona. Na bado ina ramani, ina fungu, ina watu wanaowajibika. Nimesikia mara nyingi kwamba njia ya mifugo haiwezi kuwa barabara kwa sababu haiko mahali pamoja mwaka mzima. Wenzetu wanalipia njia zinazoyeyuka.

Na kama Wisconsin iko mbali sana na ng'ombe, kuna Hispania. Njia za mifugo za huko zilianza kulindwa na wafalme katika karne ya 13, na sheria ya mwaka 1995 inazitangaza kuwa mali ya umma isiyoweza kuuzwa. Na kama Ulaya inakukera, kuna Niger, nchi yenye jangwa na umaskini kutushinda, ambayo mwaka 2010 ilitunga sheria ya ufugaji inayoitambua haki ya kuhamahama na kulinda njia za kupitisha mifugo. Kilichotuzuia sisi si hali ya hewa wala umaskini.

Labda ni kwamba wenye kugawa wana shughuli nyingine. Julai 2024, wiki chache tu baada ya vijana wa nchi hii kuingia barabarani kukataa kodi, tozo hii ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Shilingi saba zaidi kwa lita. Mwaka 2025 tukaambiwa hizo shilingi saba zimewekwa rehani: mapato yake ya miaka ijayo yamefungwa ili kupata shilingi bilioni 175 za kulipa wakandarasi wanaodai. Wakandarasi walipwe, walifanya kazi, na wengine wameuziwa mali kwa madeni ya serikali. Lakini angalia maana yake kwa mwenye boda wa Kinna. Petroli atakayonunua mwaka ujao imeshalipia barabara ya jana, mahali pengine, ambayo hajawahi kuiona. Hakuulizwa.

Wakati huo huo, wabunge na magavana walikuwa wakivutana hadi mahakamani juu ya shilingi bilioni 10.5 za mfuko huu. Magavana wanasema Katiba iliwapa barabara za kaunti, kwa hivyo pesa ziwafuate. Wabunge wanasema pesa zibaki KeRRA, mahali wanapoweza kuzisimamia, yaani mahali ambapo greda inaonekana karibu na uchaguzi. Kwa sheria ilivyo, naona magavana wana hoja. Jedwali la Nne la Katiba linasema barabara za kaunti ni kazi ya kaunti. Lakini sijasikia upande wowote ukisema neno moja kuhusu njia za mifugo. Wanagombea kisu, na nyama haijatajwa. Gavana akishinda kesho, njia ya kutoka Sericho itabaki nje ya daftari lake kama ilivyokuwa nje ya daftari la mbunge.

Kuna pingamizi tatu ambazo nimezisikia kwenye meza za chai pale mjini, na zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza: wafugaji hawalipi, wanyama hawatumii petroli. Hii inasemwa na mtu ambaye hajasimama soko la mifugo siku ya soko. Mnyama anayeuzwa analipiwa ada ya kaunti. Anapakiwa kwenye lori linalochoma dizeli hadi Nairobi. Mwenye mifugo amekuja kwa boda, maji ya kiangazi yameletwa kwa lori, na pampu ya kisima inanguruma kwa jenereta. Ufugaji wa leo unachoma mafuta kila hatua, na kila lita imelipiwa tozo. Jenereta ya kisima inalipa kodi ya barabara na haijawahi kutembea hata hatua moja.

Ya pili: mkifungua daftari, wajanja watajisajilia ardhi. Hatari hiyo ipo. Lakini leo hakuna daftari na wajanja wanachukua. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na Katiba yenyewe, kifungu cha 63, inataja malisho kuwa ardhi ya jamii. Njia isiyoandikwa ndiyo rahisi kuiba, kwa sababu mwizi anakuuliza: ilikuwa wapi?

Ya tatu: kaunti itakula hiyo pesa. Huenda ikajaribu. Ndiyo maana sisemi pesa zimwagwe kwenye akaunti ya jumla. Wisconsin hawakuwaamini wanasiasa wao pia. Walifunga malipo kwenye urefu wa njia na kazi iliyofanyika. Njia ya mifugo ni rahisi kukagua kuliko lami. Huhitaji mashine ya kupima unene. Peleka wazee wa dedha watembee. Watakwambia wapi pamezibwa, kisima kipi kimekufa, na nani ameweka seng'enge.

Basi madai yangu ni matatu, na yote yanaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa mswada.

Kwanza, njia kuu za mifugo zichorwe kwenye ramani pamoja na wazee wa malisho wa jamii zote, Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wasomali, na wakulima wa mpakani wakiwepo, kisha ziingizwe kwenye orodha ya barabara za umma kwa daraja lake lenyewe. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa jamii moja. Ramani iliyochorwa na upande mmoja ni tangazo la vita.

Pili, mfuko wa tozo utenge asilimia moja kwa njia hizo katika kaunti kame. Ile ile ya ndovu, si zaidi. Kazi yake ijulikane: alama, vivuko vya mifugo kwenye barabara kuu, kurekebisha miteremko ya malka, kutunza sehemu za maji na za kupumzikia njiani. Hakuna lami hapo. Kwa kipimo cha ujenzi wa barabara kuu, hizo ni pesa za vocha.

Tatu, hakuna barabara, bomba wala seng'enge itakayokata njia iliyosajiliwa bila kivuko kuwekwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, kabla saruji haijakauka na mkandarasi hajaenda zake.

Tayari Katiba, kifungu cha 204, ina Mfuko wa Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, na Isiolo ilikuwa kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14. Mtu atasema tungojee huo. Hapana. Huo ni wa kulipa deni la nyuma. Tozo ya barabara ni pesa yetu ya leo, tunailipa leo, lita kwa lita, na anayelipa hafai kurudishiwa chake kama sadaka.

Mwakilishi wako atakuja. Msimu wao unakaribia, na huo ni msimu usiokosa mvua. Atasimama juu ya gari na kuahidi lami. Usimzomee. Mwache amalize, halafu muulize mbele ya watu: mheshimiwa, katika shilingi mia za tozo, njia ya kutoka hapa kwenda malka ina senti ngapi? Kama hajui, mwambie wewe. Ni hesabu fupi.